Kadi ya Mwaka Mmoja na Maji ya Juu

Picha ya kadi ilitaka sikio la kulia. Ndivyo karatasi ya uhamiaji ya Marekani ilivyoagiza: uso ugeuzwe kidogo upande, sikio la kulia lionekane lote, kichwani pasiwe na kitu. Mimi nilikuwa nimesuka nywele ndefu zilizofunika masikio yote mawili, kazi ya Jumamosi nzima, kwa hiyo nikazivuta nyuma na kuzishikilia kwa mkono wakati mpiga picha akihangaika na taa yake. "Tabasamu," akaniambia. Nikamjibu kwamba karatasi imetaka sikio, haijataka meno. Akacheka akidhani ni utani.

Haukuwa utani. Nilizaliwa chini ya Mlima Meru, upande ule ambao maji ya mfereji huyapaka meno ya watu rangi ya chai isiyo na maziwa. Mtanzania yeyote akiniona nimecheka hahitaji kuniuliza kwetu ni wapi. Nilipopelekwa shule ya bweni Dar es Salaam, wasichana walisema sipigi mswaki, nami nikasugua kwa mkaa, nikasugua kwa majivu, nikasugua kwa mchanga mpaka ufizi ukatoka damu. Haitoki ng'o. Rangi ile haikai juu ya jino, inajengwa nalo tangu mtoto akiwa mdogo na jino la utu uzima likiwa bado limejificha ufizini. Basi nikafanya kama alivyofanya mama yangu, na mdogo wangu, na karibu kila mwanamke wa mtaa wetu: nikajifunza kucheka na kuzungumza huku mkono umeziba mdomo. Wageni walituona tuna adabu sana.

Nilikwenda Minneapolis, jimbo la Minnesota, kusomea kemia ya maji, na sitajisingizia mapenzi ya sayansi. Nilikwenda kwa hasira. Nilitaka kukijua kwa jina kitu kilichonifanya nicheke kwa kujificha.

Masomo yalipokaribia mwisho, mshauri wa wanafunzi wa kigeni aliniita ofisini kwake. Alikuwa mama mpole, mwenye kikombe cha kahawa kisichokauka, na alinieleza polepole kama anayemweleza mtoto. Mwanafunzi wa kigeni akihitimu anaweza kuomba mwaka mmoja wa mafunzo kwa vitendo. Ni ruhusa ya kufanya kazi, lakini iwe ile uliyoisomea, si nyingine. Tarehe ya kuanza unaichagua mwenyewe kabla hujamaliza, na ikishaandikwa kwenye kadi ya ruhusa, siku zinahesabika, uwe na kazi usiwe nayo. "Mwaka huu hausubiri mtu," akasema. Nikachagua mwanzo wa Juni bila kufikiri mara mbili. Nilijiona nitagombaniwa.

Kadi ilikuja na ile picha yangu ya sikio, midomo imebanwa kama ya mtu aliyelazimishwa kutoa ushahidi. Wiki ileile ikaja barua ya mama. Mdogo wangu alikuwa amejifungua mtoto wa kike mwezi Januari, na sasa mtoto alikuwa anakaribia kuanza uji. Mama alikuwa na swali moja tu. Karibu na nyumba kuna mfereji. Juu mlimani, mwendo wa saa nzima kupanda, kuna chemchemi. "Wewe uliyesomea maji," aliandika, "niambie huyu mtoto tumpikie uji kwa maji gani. Miguu yangu si ya kuchezea tena. Kama ya juu ni mazuri nitapanda, lakini nisipande bure."

Niliisoma barua ile nikaona aibu. Nilikuwa na shahada, na sikuwa na jibu. Nilishajua jina la madini yanayochafua meno, floraidi, lakini chemchemi na chemchemi hazifanani hata zikitoka mlima mmoja. Utaonja, utanusa, hutajua kitu. Lazima upime, na kifaa cha kupimia hakipatikani dukani. Chuoni nilikuwa nimeshughulika na maji ya maziwa na uchafu wa mashamba, na ufunguo wa maabara nilikuwa nimeshaurudisha. Kwa hiyo nilihitaji kazi katika maabara ya maji, na niipate kabla kadi haijaisha na kabla mtoto hajazoea uji wa mfereji.

Wakati huo nilikuwa naishi Coon Rapids, kaskazini ya mji, kwa mama mmoja wa Kikenya niliyemfahamu kanisani, muuguzi msaidizi wa hospitali. Alinipa chumba cha chini ya nyumba, akaniambia nimwite Mama, naye akaniita "msichana wa Tanzania" mpaka siku naondoka. Kiswahili changu kilimchekesha. Alisema nikiomba chumvi utadhani nasoma taarifa ya habari.

Juni nikaenda kwenye usaili mmoja. Julai nikaenda mwingine. Agosti wa tatu. Kote nilipokelewa kwa tabasamu, nikapewa kahawa, nikaambiwa nimefanya vizuri kufika. Watu wa Minnesota hawakukatalii usoni. Wanakukatalia kwa barua, na barua yenyewe inakushukuru. Nilikuwa na barua tatu za shukrani na miezi mitatu imeliwa.

Jioni moja Mama aliniketisha kwenye meza ya jikoni, akashika mwiko, akasema yeye ndiye bosi na mimi nimekuja kuomba kazi.

"Niambie kitu kuhusu wewe," akasema kwa sauti ya pua.

Nikaanza kueleza. Hata sentensi ya pili sikuimaliza, akaugonga mwiko mezani.

"Na hiyo mkono inafanya nini kwa mdomo?"

"Ni mazoea tu, Mama. Ni adabu."

"Adabu gani? Hapa mtu akifunika mdomo wanajua kuna kitu anaficha. Wewe unaficha, na hawa watu wana-smile hata wakizika mtu! Sasa wata-hire aje mtu wanaona ni kama anawadanganya?"

Nikamwambia hajui maana ya kukua na meno kama haya. Akanitazama, akaweka mwiko chini, akasema taratibu: "Mficha uchi hazai."

Nilinuna siku mbili. Hasira zangu ni za karibu, na hasa nikiambiwa ukweli. Nilipita jikoni kama mpangaji asiyemjua mwenye nyumba, naye Mama akaendelea kupika chapati na kuziacha mezani zimefunikwa kwa kitambaa. Siku ya tatu nilikula, nikaosha sahani, na mambo yakaishia hapo.

Septemba ikaja nafasi moja katika maabara ndogo ya kupima maji huko Inver Grove Heights. Kutoka Coon Rapids ni kuuvuka mji wote kutoka kaskazini mpaka kusini, mabasi matatu na bado utembee, nami kuendesha gari sikujua. Mama alikuwa anatoka zamu asubuhi. "Nitaku-drive," akasema, na akaja bado amevaa sare ya hospitali, macho mekundu kwa usingizi. Tulipofika nikamshukuru, nikashuka. Naye akashuka.

"Mama, huku mtu anaingia peke yake."

"Kwani mimi nikae kwa gari kama mzigo? Hata posa haiendi peke yake. Twende."

Nawaambia, nilitamani ardhi ipasuke. Nilikuwa nimeishi Marekani muda wa kutosha kujua kwamba mtu mzima haendi kuomba kazi akiwa amesindikizwa. Lakini pia nililelewa vizuri mno kumwambia mama wa watu arudi garini. Tukaingia wawili.

Mwenye maabara alikuwa mzee mrefu, mmoja wa wale ambao babu zao walitoka Skandinavia, aliyetoa maneno kwa kubana. Alipotuona wawili alidhani tumekuja wote kuomba kazi, akampa na Mama fomu ya kujaza. Mama akaipokea, akaisoma, akamrudishia kwa heshima. "Mimi ni mama yake wa huku," akamwambia. Mzee akaitikia kwa kichwa kana kwamba kila siku watu humjia na mama zao, akavuta kiti cha pili.

Akaanza kuniuliza maswali. Nikamjibu vizuri, kwa sababu kazi nilikuwa naijua. Lakini mkono ulikuwa umeshapanda wenyewe, na nilimwona akiinamisha kichwa kujaribu kunisikia. Mama akanong'ona kwa Kiswahili, "Shusha mkono." Sikuushusha. Mzee akageuza karatasi zangu, akauliza nimewahi kushika vifaa gani. Nikajibu, mkono uko palepale. Ndipo Mama, aliyekesha na wagonjwa na hana subira iliyobaki, akasema kwa Kiingereza chake cha wazi: "Bwana, muulize ni kwa nini anafunika mdomo."

Uso uliniwaka moto. Nilimchukia Mama kwa kipimo cha dakika moja nzima. Mzee hakuuliza. Ndiyo heshima yao wale, hawakuchokonoi. Alitazama karatasi, akazipanga, akazipanga tena, na nikajua akimaliza kuzipanga atasimama kunipa mkono, na barua ya nne ya shukrani itakuwa njiani. Nikamfikiria mama yangu amesimama kwenye mfereji na ndoo, hajui ageukie wapi.

Nikashusha mkono. Nikafunua meno yote, ya juu na ya chini, kwa ghadhabu, kama mbwa aliyebanwa kwenye kona.

"Kwa sababu ya haya," nikasema. "Maji yaliyofanya haya ndiyo ninayotaka kuyapima."

Mzee akavaa miwani. Akaniomba ruhusa, ndipo akainama kutazama. Nilikumbuka wanaume wa kwetu wanavyokagua ng'ombe mnadani na nikakaribia kumng'ata. Lakini aliporudi kwenye kiti uso wake ulikuwa umebadilika. Akasema, "Floraidi. Nimeiona vitabuni tu." Halafu akaanza kuuliza, na sasa maneno hakuyabana tena. Maji yanatoka wapi? Ni ya moto au ya baridi? Mlima ni wa volkano? Nyumbani kwetu wote tuko hivi?

"Wote," nikasema. "Isipokuwa marehemu bibi. Bibi alikufa na meno meupe."

"Bibi alikunywa maji gani akiwa mtoto?"

Bibi aliolewa akitokea kijiji cha juu, kilekile chenye chemchemi ya kupanda saa nzima. Maisha yangu yote tulisema bibi alijaliwa meno mazuri. Hakuna aliyewahi kuuliza alikunywa nini.

Mzee alitupeleka ndani ya maabara. Kwenye rafu kulikuwa na chupa ndogo zimepangwa, kila moja na jina la mji mdogo wa Minnesota. Akatueleza kwamba huko miji hutia floraidi ndani ya maji kwa makusudi, kidogo tu, ili meno ya watoto yasioze, na kazi yake mojawapo ni kupima kwamba hawajazidisha. Nilimtaka arudie. Akarudia. Wanaitia. Wanainunua na kuitia.

Nilicheka. Nilicheka mpaka nikashika meza, mdomo wazi, na Mama akacheka pamoja nami huku akipiga mapaja, "Wazungu, jameni!" Nilipotulia ndipo nikagundua mikono yangu yote miwili iko mezani, na mzee yule naye anatabasamu. Akaomba kuiona kadi yangu, akaigeuza, akatazama tarehe.

"Imebaki miezi minane na kitu," akasema. "Unaweza kuanza Jumatatu?"

Garini Mama hakusema "nilikuambia". Alisinzia kwenye taa nyekundu mara mbili, na mara zote mbili nikamwamsha kwa kumshika bega, tukavuka Mississippi kurudi kaskazini nikiwa na furaha isiyokaa kifuani. Mwaka ule wa kadi ulikuwa sasa una kazi yake.

Jambo la kwanza nililomwomba mzee lilikuwa chupa mbili za plastiki safi. Nikazituma nyumbani kwa posta zikiwa tupu, pamoja na maelekezo ya kurasa mbili: suuza mara tatu kwa maji yaleyale, jaza mpaka juu, funga, weka alama. Mama yangu alijibu kwamba mtaa mzima umecheka, maana wenzake wanatumiwa viatu na saa kutoka Amerika, yeye katumiwa chupa tupu. Lakini alifanya. Januari akaja kijana mmoja wa Arusha kuanza masomo, na ndani ya sanduku lake, katikati ya sweta, zilikuwemo zile chupa mbili zimejaa. Ya mfereji mama aliifunga shingoni kipande cha kanga yake. Ya juu aliiacha bila kitu.

Nilizipima jioni, kazi ya siku ilipokwisha, mzee amesimama kando na mikono mfukoni. Nikaanza na ya mfereji. Namba zikapanda, zikapita kila kitu nilichowahi kuona kwenye chupa za Minnesota, zikaendelea kupanda, mpaka ikabidi tuyachanganye na maji safi ndipo tuweze kuyasoma vizuri. Mzee alipiga mluzi mdogo. Kisha nikasafisha kifaa, nikapima ya juu. Namba ilitulia chini kabisa. Nikarudia. Nikarudia tena. Ilikuwa ileile. Maji ya bibi yalikuwa salama, miaka yote, saa moja tu juu ya vichwa vyetu. Nililia pale mbele ya mashine, na mzee, asiyejua la kufanya na mtu anayelia, akaenda akarudi na kahawa, akaiweka karibu na kiwiko changu.

Jumapili nikapiga simu ofisi ya usharika wa kwetu baada ya ibada, kama tulivyopatana. Nilisikia kiti kikivutwa, halafu pumzi ya mama.

"Ya juu, mama," nikasema. "Ya juu."

"Niliogopa utasema hivyo," akasema. Kisha akacheka. "Haya. Tutapanda."

Wakapanda. Ndoo moja kwa siku, ya mtoto tu, leo mama, kesho mdogo wangu. Majirani walisema wamerogwa. Mimi kadi yangu ilipokaribia kuisha mwishoni mwa Mei, mzee alikuwa ameshaniombea viza nyingine ya kazi. Nilikaa miaka mitatu zaidi nikijifunza kila alichokuwa nacho, kisha nikarudi nyumbani kupima maji ya mlima wetu, chemchemi kwa chemchemi.

Siku ninayotaka kuisimulia, hata hivyo, ni ya mwisho mwisho wa miaka ya tisini. Mtoto alikuwa ametimiza miaka saba, na meno yake ya mbele ya utu uzima yalikuwa yameota. Tulikuwa tumekaa ukumbini kwa mama yangu wanawake wanne: mama, mdogo wangu, mimi na yeye. Nilikuwa nawasimulia jinsi Mama wa Coon Rapids alivyopewa fomu ya kuomba kazi ya maabara. Mtoto akacheka kwa nguvu, nami nikayaona meno yale kwa nukta moja tu, meupe, meupe kabisa kama maziwa.

Kisha akapandisha mkono, akauziba mdomo.

Nilidhani nimeona vibaya. Nikamchekesha tena. Mkono ukapanda tena, haraka, kwa vidole vilivyobanana vizuri. Nikamwuliza kwa nini anafunika. Akanishangaa, kana kwamba nimemwuliza kwa nini anavaa viatu.

"Ndivyo watu wanavyocheka," akasema.

Nikawageukia wenzangu. Mdogo wangu alikuwa ameziba mdomo wake. Mimi mwenyewe, pamoja na Minnesota yangu yote, mkono wangu ulikuwa kidevuni unapanda. Mama yangu, naye mkono mdomoni, alitutazama mmoja mmoja, mwanamke niliyekaa naye utoto wangu wote bila kuyaona meno yake hata siku moja. Akaushusha mkono wake, akauweka mapajani, akamwangalia mjukuu wake, akacheka.